Ombi la Msamaha wa Kodi kwa Kigari cha Kusukuma Mtoto

Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Kodi za Magari,
Ofisini kwako, ghorofa ya juu.

Mheshimiwa,

Sasa hivi mwanangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minne, amechomoa gari la bosi wangu kwenye umeme. Ametambaa chini ya meza ya kupigia pasi, akashika waya mnene kuliko mkono wake, akauvuta kwa nguvu zote mpaka ukatoka, kisha akakaa chini na kujipigia makofi. Nimemkagua vidole vyote kumi, vipo. Waya nimeurudisha, na yeye nimempa kifuniko cha ndoo achezee. Bosi hajaona. Nakueleza wewe kwanza ili ujue kwamba unaandikiwa na mtu mkweli.

Mimi ni mpiga pasi katika duka la dobi. Nakupongeza kwa kuyafutia kodi magari ya umeme ili, kama redio ilivyosema, mwananchi wa kawaida amudu gari na hewa iwe safi. Bosi wangu alikuwa wa kwanza mtaani kumudu. Ni mwananchi wa kawaida sana, ana magari mengine mawili tu.

Shida yangu ni ndogo. Dada yangu mkubwa, anayetunza wazee wa watu nchi ya mbali, amenitumia kigari cha kusukuma mtoto. Kimefika salama, kipo bohari ya forodha, na karani amekitoza kodi ya vitu vya starehe, ambayo inazidi mshahara wangu wa miezi miwili. Nisipolipa ndani ya siku tisa zilizobaki, kitapigwa mnada. Nilimweleza karani kwamba nilijifungua kwa upasuaji, mshono ukafumuka nikashonwa tena, na muuguzi amenikataza kabisa kubeba mtoto mgongoni. Karani, kijana mwenye adabu zake, alisema pole mama, lakini kwenye orodha yake starehe ni starehe. Akauliza kama mtoto hawezi kutembea. Nikamjibu anaweza, hatua tatu, ila kutoka nyumbani hadi dukani zinazidi kidogo.

Kwa hiyo naomba kigari changu kihesabiwe kuwa gari lisilotoa moshi. Sababu zangu ni hizi:

1. Kina magurudumu manne, mkanda, breki na paa la kufunguka, ambalo la bosi halina. Kinabeba abiria mmoja, sawasawa na la bosi, maana tangu lije sijaona akimpa mtu lifti. Injini yake ni mimi, na mimi naenda kwa chai ya asubuhi mpaka saa nane mchana. Karani alisema sheria inataka gari liwe na betri. Dada ameniandikia kwamba kwenye mpini kuna kisanduku kinachoimba wimbo wa kumlaza mtoto, na kinatumia betri mbili. Sheria haikusema betri ziwe kubwa kiasi gani.

2. Mlisema mnataka gari liwe nafuu kwa mtu wa chini. Mimi ndiye wa chini, nikamwuliza bosi bei, nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya mteja. Nisipokula, nisipolipa pango, na mtoto asipougua, nitalinunua baada ya miaka thelathini na moja. Kabla ya msamaha ilikuwa miaka arobaini na mbili. Serikali imenipunguzia miaka kumi na moja ya kutokula, na mimi si mtu wa kukosa shukrani. Ila wakati huo mwanangu atakuwa na ndevu, na sijui kama atakubali nimpakate.

3. Gari la bosi linachajiwa hapa dukani, na likichomekwa pamoja na pasi, umeme wa duka zima unakatika. Bosi ametoa agizo kwamba gari kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, mwenyeji amezimiwa pasi, ndiyo sababu nimepata nafasi ya kukuandikia. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani amefuata suruali yake mara mbili, na mara ya pili ameondoka nayo hivyohivyo na mikunjo yake, akisema wanafunzi wameshazoea. Mfuaji mwenzangu, mama mmoja asiyejua kunyamaza, ameniambia, mdogo wangu, ungejifungua gari Serikali ingekuletea hata nepi. Nimemkanya asiseme hivyo, kisha nikaona nikuandikie.

Na hii pasi, Mheshimiwa, nayo ni ya umeme. Inakwenda mbele, inarudi nyuma, ina taa nyekundu, na haitoi moshi isipokuwa nikisahau. Ilitozwa kodi zote zilizopo. Naomba nayo iingizwe kwenye kundi la magari.

4. Kama hayo yote hayawezekani, basi naomba nisajiliwe mimi mwenyewe. Nimebeba abiria miezi tisa bila kumshusha hata kituo kimoja na bila tone la petroli. Nimefunguliwa bodi mara mbili, na fundi, yaani yule muuguzi, ameandika kwenye cheti kwamba nisibebe mzigo. Nachajiwa kwa kulala, saa nne za vipandevipande, na abiria wangu ananichomoa kila akitaka kunyonya. Gari la bosi linalala saa nane mfululizo na sote tunapita kwa kunyata. Nikishasajiliwa, naomba nirudishiwe kodi niliyotozwa kwenye sabuni, sukari na vocha za simu tangu siku niliyompakia abiria huyo. Na kwa kuwa wanawake wa aina yangu ni wengi barabarani, naomba mtutengee vituo vya kuchajia mjini: kiti, kivuli, maji ya kunywa, na mtu wa kutushikia mtoto dakika kumi.

Sisemi kwamba msamaha wa magari ni mbaya. Hewa safi naipenda, na mwanangu ataivuta muda mrefu kuliko mimi na wewe. Nasema tu kwamba mama anayekwenda kwa miguu hakuichafua hewa hiyo tangu zamani, wala sijasikia akisamehewa kitu. Watu wananiambia mtu mkubwa hasomi barua za wapiga pasi. Mimi nawaambia hata mtu mkubwa alibebwa, na aliyembeba alichoka. Nategemea jibu lako kabla ya siku tisa kwisha.

Nisalimie wenzako wa ghorofa zote, mama watoto, wanao, dereva wako, na yule karani wa bohari, ambaye hana kosa. Lisalimie na gari lako, la umeme au la kawaida.

Ni mimi raia wako, mlipa kodi wa kila siku,
Mpiga pasi wa duka la dobi.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha bosi ameingia, ameichukua barua na kuisoma yote akiwa amesimama. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Badala yake ameketi, akaniita mwanangu, jina ambalo sijawahi kulisikia kwake, na la waya akasema amesamehe. Amenieleza kwamba msamaha ni gari moja kwa kila mtu. La kwake ameshalitumia, la mkewe limetumika, na la mama mkwe wake, ambaye ana miaka tisini na haoni vizuri, limo njiani. Sasa binti yake naye anataka. Nikikubali gari hilo liingizwe kwa jina langu, kesho asubuhi anakwenda mwenyewe bohari kukilipia kigari. Barua amesema niitume tu, huko juu hakuna anayesoma.

Nimezifikiria siku tisa, nimeufikiria mshono, nimetia sahihi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba usome kuanzia hapa, na ya huko juu yote uyafute. Sheria ni nzuri sana, imemfikia mtu wa chini, na naomba isiguswe mpaka gari langu lishuke bandarini. Ukikuta jina la mpiga pasi kwenye orodha ya wenye magari usishtuke, ni maendeleo. Limebaki swali moja tu. Mwanangu akikua akaniuliza gari la mama ni lipi, nimwonyeshe lile lenye jina langu, ambalo hata mlango wake sitajua unafunguliwa wapi, au nimwonyeshe hili dogo nitakalomsukumia? Naona naitwa, bosi anasema sahihi peke yake haitoshi, anataka na kitambulisho. Naifunga bahasha hapa.