Tarehe Iliyokosekana Kwenye Jiwe la Baba Mkubwa

Saa nne na dakika ishirini asubuhi ya leo nimepiga magoti makaburini Champlin, hapa Minnesota, nikaanza kumlilia mtu. Kabla ya saa tano nilikuwa nimeumbuka. Naandika mapema ili mlisikie kutoka kwangu kabla Neema, mke wangu, hajawapigia simu. (Mmoja ameshampigia. Nimemsikia akicheka jikoni.)

Wengi kwenye orodha hii ya barua pepe mnajua kwamba kwa miaka miwili nimekuwa nikimtafuta baba mkubwa, Yeremia Msengi, kaka yake baba. Alitoka kwetu Iramba akiwa kijana, akaja kusoma Minnesota kwa msaada wa wamisionari. Alituandikia kwa muda. Kisha tukahamishiwa kijiji kipya, barua zake zikakoma, na za kwetu hazikujibiwa. Mwishowe ukoo ukakubaliana kwamba amefariki. Tukakaa matanga bila maiti.

Nilipokuja huku kufanya kazi kiwandani Fridley, baba alinipa agizo moja. Hakutaka saa wala redio. Alitaka kujua kaka yake amelala wapi. Sasa macho yake yamefifia na moyo umechoka, na kila nikipiga simu swali lake la kwanza ni lile lile: "Kaburi umelipata?" Anataka kujua kabla naye hajalala.

Mimi chuo sikusoma. Ninachokijua nimekipata maktaba, Jumamosi. Huko ndiko nilikogundua kwamba wapo watu wa hapa, wengi wao wastaafu, wanaotembea makaburini kwa hiari yao, jiwe kwa jiwe, wakinakili majina na tarehe. Kisha huchapa orodha na kuziweka maktaba ili mtu wasiyemjua aje awapate watu wake. Hawalipwi chochote. Nimesoma orodha zao kaunti baada ya kaunti, na juma lililopita nikaukuta mstari wetu: Jeremiah Msengi na mkewe Lorraine, makaburi ya Champlin. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa wake hasa. Penye tarehe ya kufa, ya Lorraine ilikuwapo. Ya baba mkubwa haikuwapo.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi nilijijibu papo hapo: theluji imeifuta.

Nikampigia baba. Nikamwambia Jumamosi saa mbili usiku ya kwao akae kwa mchungaji, karibu na simu, nimpe habari kamili. Akasema atakuja na ukoo wote.

Leo asubuhi Neema ametoka zamu ya usiku huko anakofanya kazi ya kuhudumia wazee, na hakukubali kulala. Tumepitia kwa muuza maua tukanunua shada. Neema amelifunga utepe mweupe na kuandika kwa mkono wake: "Pumzika kwa amani Baba Mkubwa." Mimi nilikuwa na kikapu changu: karatasi nyembamba, kipande cha mkaa, brashi laini, chupa ya maji, na kioo cha kuelekeza mwanga wa jua kwenye maandishi yaliyofifia. (Yote hayo nimeyasoma kitabuni. Neema aliuliza kama tunakwenda kuzuru kaburi au kulifanyia upasuaji.)

Jiwe tumeliona upesi. Jiwe moja pana, majina mawili. Nikalia. Sioni haya kwa hilo.

Kisha nikaanza kazi. Sasa, jiwe lenyewe halikuwa limechakaa hata kidogo. Lilikuwa linang'aa. Herufi zote zilisomeka ukiwa umesimama barabarani. Nalo hilo halikunishtua. Chini ya jina lake kulikuwa na mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha palikuwa laini kabisa, bila herufi. Nikalala kifudifudi kwenye majani yenye umande, nikabandika karatasi, nikasugua mkaa. Hakuna kitu. Nikageuza karatasi, nikasugua tena. Nikamwagia maji. Nikaweka kioo.

Nyuma yangu sauti ya mzee ikauliza kwa Kiingereza cha wenyeji, "Unatafuta nini hapo?"

Upepo ulikuwa unavuta karatasi. Sikugeuka. Nikamjibu, "Tarehe aliyokufa. Imefutika."

"Hata mimi ningependa kuijua," akasema.

Nikadhani ni mzungu fulani mstaafu anayependa utani. Nikaendelea kusugua. Neema yeye alimwona: mzee mweusi, kofia ya besiboli, kopo la kumwagilia maua. Akadhani amekuja kwa marehemu wake wa jirani, akamwinamishia kichwa kwa heshima.

Tarehe ilipokataa kabisa, nikaamua nifikishe salamu. Nikapiga magoti. Nikatoa sauti, kwa Kiswahili, maana mambo haya hayasemwi kwa kunong'ona. Nikajitambulisha mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia waliofariki kwetu na waliozaliwa. Nikamwambia kwamba hakusahauliwa. Mwisho nikasema, "Na ile baiskeli uliyoiuza ili ununue koti la safari, mdogo wako anasema amekusamehe."

"Ile baiskeli ilikuwa yangu."

Kwa Kiswahili. Cha polepole, lakini Kiswahili, na kwa lafudhi ya kwetu Iramba.

Nikageuka. Pale alikuwa amesimama baba yangu, mwenye miwani na tumbo. Pua ile ile, masikio yale yale. Mkononi kopo la maji.

Kati ya maneno yote ninayoyajua, lililonitoka ni moja. "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa toa goti lako kwa mke wangu."

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya Lorraine.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikabishana naye. "Lakini wewe umefariki," nikamwambia, nikamwonyesha ile karatasi iliyosuguliwa mkaa kama ushahidi. "Tulikukalia matanga."

"Mlichinja nini?"

"Mbuzi wawili."

"Wawili tu?" Akamgeukia Neema. "Mama, umesikia thamani yangu?"

Neema alikuwa ameshikilia shada kifuani na machozi yanamtiririka, na hadi sasa hataki kuniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Mzee akaketi ukingoni mwa jiwe lake mwenyewe, akanieleza. Lorraine alipofariki alinunua jiwe la watu wawili, na fundi akachonga majina yote siku moja. Watu wengi hapa hufanya hivyo. "Nafasi yangu ipo," akasema. "Sina haraka nayo." Kuhusu barua, tatu zilimrudia hazijafunguliwa. Ya nne hakuituma. Za kwetu hazikumfikia, maana naye alikuwa amehama; akaamini tumemkasirikia kwa kuoa huku.

Nikamwambia hatukukasirika. Tulihamishwa, na sanduku la posta likabaki la kijiji cha zamani. Akavua kofia, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Kisha akauliza nilimpataje. Nikamweleza kwa utaratibu: orodha za mawe, magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye filamu, vyeti vya vifo, miaka miwili ya Jumamosi. Alisikiliza yote kwa makini.

"Mimi nimo kwenye kitabu cha simu," akasema.

Hapo Neema hakuficha tena. Alicheka mpaka akaegemea kaburi la watu. "Kitabu cha simu," akasema alipoweza kupumua, "ndicho kinachoinua kompyuta yake, baba mkubwa. Amekikalia mbele miaka miwili."

(Ni kweli. Kipo hapa chini ya kioo cha kompyuta ninapoandika. Nimekichomoa nikatazama. Herufi M. Jina kamili na mtaa. Miaka miwili nimeuliza habari zake kwa wafu tu.)

Nyumba yake ni dakika chache kutoka pale. Saa sita mchana tulikuwa jikoni kwake, na simu yake ndiyo tuliyotumia. Baba akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nyuma yake nilisikia watu wakinyamazishana.

"Kaburi umeliona?"

"Nimeliona, baba."

"Ni safi? Linatunzwa?"

"Ni safi sana. Anamwagilia maua mwenyewe."

"Nani?"

"Mwenyewe."

Nikampa mzee simu. Akasema jina la utoto la baba, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Na kutoka upande wa pili, kwa sauti iliyofika hadi nilipokaa, baba yangu akasema, "Shikamoo, kaka."

Baba ndiye mkubwa wa ukoo wetu tangu nipate akili. Sisi wote humwamkia. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu yeyote shikamoo. Nikatoka nje nikasimama uani kwa baba mkubwa, nikimshukuru Mungu, na wale wastaafu wa orodha, na hata fundi aliyeacha ile nafasi wazi.

Niliporudi ndani walikuwa wanagombana kuhusu baiskeli. Kila mmoja anadai ilikuwa yake. Simu ni ya baba mkubwa na amekataa katakata kuchangiwa gharama. Anasema baada ya miaka yote hii hawezi kukata simu kabla hajashinda. Anakwenda nyumbani Desemba, akamalizie ubishi ana kwa ana. Baba ameshaagiza mbuzi watatu.

Kwa hiyo mkinikuta kanisani kesho, naomba mwenye kutaka kucheka amalizie nyumbani kwake. Tena kabla hamjaenda makaburini kumtafuta mtu, fungueni kitabu cha simu.

Shada tulijaribu kumficha, akalidai. Amelitundika juu ya kiti anachosinzia mchana, utepe ukiwa mbele, na anasema hajawahi kupumzika vizuri hivi. Hasara yote ya leo: dola kumi na nane za shada.