Babu Hajui Kama Tuko Melini

Jumatatu, 9 Desemba

Hili sijamwambia mtu yeyote, kwa hiyo naliandika kwanza kabla mkono haujaogopa. Asubuhi ya leo sikumuaga Babu.

Babu ni marehemu, lakini hilo halimwondolei haki ya kuarifiwa. Kwetu Umlazi mtu hatoki kwenda mbali, sembuse kuvuka maji, kabla impepho, majani yetu ya kufukiza, haijachomwa na wazee waliotangulia kuambiwa nani anakwenda wapi. Bibi mwenyewe hawezi kuwaita. Yeye ni MaGumede, yaani binti wa akina Gumede, ameolewa tu kwa akina Zungu, na mpaka leo hatamki majina ya ukweni. Baba yuko kazini Rustenburg. Nikabaki mimi, Zungu wa kuzaliwa. Nikapewa majani makavu na kiberiti, nikaambiwa niingie chumba cha nyuma nikaseme.

Niliwasha. Moshi ukapanda vizuri sana. Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Mimi ndiye niliyeitwa Balungile sekondari nzima kwa sababu mwalimu alikosea siku ya kwanza na nikaona haya kumsahihisha. Naitwa Bajabulile. Sasa nisimamishwe mbele ya ukoo mzima wa marehemu, nihutubie! Nikasimama hadi moshi ukaisha, nikatoka. Bibi akauliza kama nimewaambia. Nikaitikia kwa kichwa.

Basi. Siri ndiyo hiyo.

Mengine yote leo yalikuwa ya ajabu. Tunasafiri na chama cha akiba cha akina mama wa mtaa wetu. Mwaka huu, badala ya kugawana unga na mafuta ya Krismasi, wameamua kupanda meli ya starehe kutoka Durban hadi kisiwa kimoja cha Msumbiji na kurudi. Mimi nimepewa nafasi ya mama mmoja aliyeogopa dakika ya mwisho. Mwenyekiti ni MaShezi, ambaye amewahi kupanda meli mara moja na hajaacha kutukumbusha. Wiki nzima ametuonya tusibebe chakula. Meli ina adabu zake, anasema, chakula kimejaa humo.

Bandarini mashine ilifichua kuku wa kukaanga katika kila mkoba. Kila mkoba! Nani katika akina mama hawa angetoka nyumbani bila kuku wa njiani? Wa MaShezi ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Mlinzi akasema kuku hawapandi. Bibi akaketi kwenye benchi, akafungua kopo la aiskrimu alimoweka kuku wake, akasema kuku wa mtu hatupwi. Wote wakala palepale kwenye foleni, na mlinzi akapewa paja. Sijawahi kuwapenda watu kama nilivyowapenda pale.

Kiberiti changu kilichukuliwa. Impepho kidogo nimebakiwa nayo, ndani ya soksi.

Na meli! Ngazi za kioo. Mazulia laini hata naona haya kuyakanyaga na viatu. Kitandani tumekuta taulo limekunjwa likawa tembo. Bibi amekataa kulikunjua. Amejifuta kwa gauni lake la ndani.

Tulipong'oa nanga Bibi alisimama ukingoni akitazama maghala ya sukari. Babu alibeba magunia pale hadi mgongo ukapinda. Alipakia meli maisha yake yote, na hakusafiri hata na moja. Bibi akayapungia maghala mkono. Akasema leo mzee amefurahi, maana ameambiwa na mjukuu wake mwenyewe.

Nikatazama viatu vyangu.

Jumanne, 10 Desemba

Bibi anaumwa. Amelala tangu asubuhi, uso umemkauka, hataki hata chai. Daktari wa meli anasema ni mawimbi. Mimi najua si mawimbi.

Mpango: kuchoma impepho bafuni na kusema yote haraka haraka. Kikwazo: moto sina, na kuomba kiberiti maana yake ni kuongea na mtu. Kisha nikakumbuka pasi ya nywele ya Owethu. Owethu ni mjukuu wa MaShezi. Tumemaliza shule pamoja. Jana hadi wakati wa chakula alikwisha kuyajua majina ya wahudumu wote, na mmoja alimwimbia. Mimi nimekuwa nikimeza chakula nisichokitaka kwa sababu siwezi kumwambia mtu kwamba ameniletea sahani ya mwingine.

Nilipita mbele ya mlango wake mara nyingi hadi akafungua mwenyewe na kuuliza kama nimepotea. Pasi nikaipata.

Nikajifungia bafuni, taulo chini ya mlango (si la tembo). Nikaibana impepho katikati ya pasi. Ikafanya kazi! Moshi ukatoka, harufu ya nyumbani kabisa, nikapiga magoti kwenye vigae. Nikavuta pumzi nianze.

King'ora kikaanza kabla yangu.

Nilipofungua mlango walikuwepo afisa aliyevaa nyeupe tupu, mhudumu wetu Wayan na nusu ya chama. Afisa akauliza nimechoma nini. Nikaonyesha pasi. Owethu akaeleza, kwa huruma na kwa sauti ya kusikika mbali, kwamba maskini nimeunguza nywele. Akina mama wakashika vichwa. MaShezi akaniombea palepale, mkono juu ya utosi wangu, kisha akanifunga kitambaa chake cha maua ili watu wasione uharibifu. Nywele zangu hazina hata kovu. Sasa nimo kitambaani hadi Durban.

Wayan alibaki akifungua dirisha. Anatoka Bali. Akaninong'oneza kwamba mama yake huwachomea wazee wao kila siku, na harufu hiyo haifanani na nywele. Ila akaniomba nisirudie, kwa sababu moto ukitokea baharini hakuna mahali pa kukimbilia. Ni mtu mwema sana. Nilitaka kumwambia asante. Niliinua kidole gumba.

Jioni Owethu alirudi kutoka dansi akiwa na hasira. Alikuwa amenyoosha nywele kwa pasi ile, na kijana aliyemvizia tangu jana alimnusa, akarudi nyuma na kumwuliza kwa heshima kama yeye ni mganga.

Jumatano, 11 Desemba

Kisiwa! Nimekiona kupitia dirisha. Mchanga mweupe kama unga, maji ya rangi ambayo sikujua inaruhusiwa. Boti ndogo zimewashusha akina mama wakipiga vigelegele, MaShezi mbele na miwani yake.

Bibi amekataa kushuka. Amenisimulia ndoto. Amemwona Babu nyumbani, amevaa ovaroli la kazini, anafungua chumba hadi chumba. Amefungua hata kabati la nguo. Kisha ameketi kizingitini, kofia magotini.

Akasema, "Alikuwa kama mtu ambaye hakuagwa."

Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniumiza. Akasema labda mzee amezeeka huko aliko, ameambiwa akasahau. Lakini kukanyaga nchi ya wenyewe bila watu wake kujua yuko wapi, hapana, hawezi. Atakaa kitandani. Amesubiri safari hii tangu meli zilipokuwa za watu wengine tu, sasa amefika, na anatazama ukuta! Kwa ajili ya kinywa changu!

Mpango wa pili, basi. Mahali pekee melini ambapo moshi haupigiwi king'ora ni pembe ya wavuta sigara, sitaha ya juu nyuma. Nilipanda na soksi yangu. Alikuwepo mzee mmoja wa Kizungu mwenye kaptula, usingizini, na sigara yake inawaka kwenye kibakuli cha majivu. Nikawaza: nitaiazima kidogo tu. Sikuwa na haja ya kumwamsha, yaani sikuwa na haja ya kuongea. Nikaichukua. Nikaiweka kinywani ili isizime nikiwa nafungua soksi. Macho yakajaa machozi. Nikakohoa kama trekta.

Boti ya kwanza kutoka kisiwani ilikuwa imerudi. MaShezi alikuwa amesimama mlangoni, mchanga miguuni, ananitazama: kitambaa chake kichwani pangu, sigara mdomoni, soksi mkononi.

Hakupaza sauti hata kidogo. Aliuliza tu kama Bibi anajua. Kisha akasema kesho kikao.

Alhamisi, 12 Desemba

Kikao kilikaa sitahani baada ya kifungua kinywa, viti vikiwa duara, keki katikati. Chama kina sheria: aliye kwenye safari ya chama ni mtoto wa chama. Bibi aliletwa na Wayan kwa kiti cha magurudumu, amejifunga blanketi, mdogo kuliko alivyokuwa Jumatatu.

MaShezi akaeleza. Nywele zimeungua Jumanne, sigara Jumatano. Akauliza akina mama wanaona inaelekea wapi. Mmoja akasema hivyo ndivyo binamu yake alivyoanza. Mwingine akasema watoto wanyamavu ndio hatari. Owethu, na hili nitamkumbukia daima, akasema Bajabulile hawezi hata kuomba chumvi, sigara ataiomba kwa nani? Akaambiwa anyamaze.

Kisha wakanigeukia. Ningeweza kukubali kwamba navuta. Nilikaribia kabisa. Kuinamisha kichwa, kuadhibiwa, kwisha, hakuna maneno mengi. Lakini Bibi alikuwa ananitazama, na keki ile hakuigusa.

"Sikumwambia Babu," nikasema.

Mtu akauliza nimesema nini. Ilibidi nirudie! Nikasema niliwasha lakini sikusema neno, na kwamba tangu Jumanne natafuta moshi ili nimwambie, na kwamba nywele zangu ni nzima. Nikavua kitambaa. Wakazitazama.

Upepo ulikuwa unapiga ncha za blanketi la Bibi.

"Kwa hiyo siku zote hizi mume wangu anazunguka nyumba peke yake," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Mwite sasa."

Nikasema impepho imebaki ya kujaza kucha, na moto hauruhusiwi. Bibi akasema Babu alikuwa hodari wa kusikia. Alikuwa anasikia sufuria ikifunuliwa akiwa barabarani. Moshi ni adabu, lakini mtu akipotea unamwita hivyo hivyo. Akina mama wakashuka kwenye viti, wakapiga magoti sitahani, magoti mabovu na mazima. MaShezi ni mtu wa kanisa. Mambo hayo kwake hayapo. Akabaki wima, akatugeuzia mgongo, akatazama bahari.

Nikashika ukingo.

"Manzini," nikasema, nikianza na majina ya sifa ya ukoo wetu. "Gwabini."

"Paza sauti, mtoto," akasema MaShezi bila kugeuka. "Mtu yuko Umlazi."

Nikapaza. Sijui ilitoka wapi, lakini ilitoka. Nikamwambia asimtafute Bibi kabatini. Nikamwambia tuliondoka Jumatatu, tuko kwenye meli, ile nyeupe kubwa iliyopita mbele ya maghala yake. Nikamwambia sisi ni abiria. Hatujabeba kitu, wanatubebea. Nikamwelekeza: apande kwa lifti, asihangaike na ngazi, korido ya kushoto, mlango wenye kilemba cha Bibi kwenye kitasa. Nikamwambia chakula hakina mwisho na hakuna atakayemwuliza tiketi. Nikaomba radhi kwamba niliona haya. Nikataja na baba yake, na baba wa baba yake, wote niliofundishwa, hadi majina yakaniishia.

Nilipogeuka Bibi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Wazungu wa meza ya jirani walikuwa wamevua kofia. MaShezi bado alitazama bahari, anafuta miwani. Akasema chumvi ya baharini ni mbaya.

Bibi akaomba keki.

Ijumaa, 13 Desemba

Nyumbani. Bibi hakuota kitu. Jana jioni alitembea kwa miguu yake hadi kwenye dansi ya nguo nyeupe, akacheza na Wayan, akacheza na afisa wa king'ora, akacheza peke yake. Leo asubuhi Durban ilipotokea alisimama ukingoni na kiti kimoja kitupu pembeni yake. Alipokuja mtu kukiomba, alimwambia kina mwenyewe.

Sitaisahau safari hii. Hata mazulia.

Jumapili, 15 Desemba

Tatizo.

Akina mama wamesambaza habari mtaa mzima kwamba mtoto wa Zungu anaongea hadi Wazungu wanavua kofia. Leo baada ya ibada MaShezi amenishika mkono mbele ya watu. Jumamosi ijayo Owethu anafanyiwa sherehe ya kuwa binti mzima. Ng'ombe amekwisha kununuliwa, mahema mawili, ukoo wote unashuka kutoka Nongoma. Anataka mimi ndiye nizungumze kwa niaba ya wenzake. Kwa kipaza sauti. Owethu akaruka kunikumbatia. Ningesema hapana, lakini hapana nayo ni neno.

Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu saa hiyo nimefunga shingo kwa skafu na nanong'ona. Nimemwambia Bibi sauti imekwisha, ni upepo wa bahari. Bibi amechemsha majani machungu kuliko yote aliyonayo, na nimeyanywa kikombe kizima bila kukunja uso. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Kisha MaShezi akapiga simu kusema nisijali, sherehe itasogezwa mbele hadi nipone. Ng'ombe atasubiri.

Basi itabidi iwe mguu. Mguu hauponi haraka, na mtu hawezi kusimama jukwaani kwa mguu mmoja. Nimeanza kuchechemea kidogo jikoni, Bibi azoee.

Wewe unayesoma hapa, tafadhali. Koo langu ni zima kabisa. Usimwambie mtu.