Kamati ya Kuchakaza Vitabu

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba shule yetu imeshika nafasi ya kwanza katika Zoezi la Kupima Uchakavu wa Vitabu. Mimi, Makamu Mkuu wa Shule na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchakaza Vitabu, nimeona ni busara kueleza mafanikio haya yalivyopatikana, kabla wenye midomo hawajayaeleza kwa namna yao.

Mambo yalianza na waraka. Ulisema kitabu kinachosomwa huchakaa, kwa hiyo kisichochakaa hakisomwi. Afisa Mkaguzi angefika baada ya wiki tatu akiwa na rula. Chumba chochote cha shule ambacho vitabu vyake havikufikia uchakavu wa asilimia sitini kingehesabiwa kuwa hakitumiki, nacho kingegawiwa wenye kukihitaji zaidi. Waraka ulikuwa na mihuri miwili, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili.

Nikaenda maktaba. Nilipatwa na aibu. Vitabu elfu moja na mia mbili vimepangwa safi kama sahani za wageni! Sababu ilikuwa utaratibu wangu mwenyewe, ambao naujivunia hadi leo: mwanafunzi akitaka kuazima kitabu alete saini tatu. Ya tatu ilikuwa yangu, nami ni mtu wa vikao.

Mkutubi wetu, ambaye shule nzima inamwita Mama Maktaba, alikuwa na mkasi mkononi na gazeti mezani.

"Unafanya nini, Mama?"

"Namkatia mwalimu wa historia habari za kufundishia. Kila Jumatatu. Na hii karatasi ni ya mwalimu wa kemia, majaribio anayoweza kuyafanya bila maabara."

"Hayo hayamo kwenye waraka," nikamwambia. "Rula haiwezi kuyapima."

Aliendelea kukata. Amekaa kwenye chumba kile miaka kumi na tisa. Kila alasiri watahiniwa wa kidato cha nne, wale ambao kwao hakuna meza wala utulivu, hujazana pale na madaftari yao, naye hafungi mpaka wa mwisho atoke.

"Wakikichukua chumba, Mwalimu, hawa watoto watasomea wapi?"

"Ndiyo maana pana Kamati," nikamjibu.

Kamati ilikuwa na wajumbe watatu: mimi, mtunza stoo, na mwalimu wa michezo, aliyeteuliwa kwa sababu ya nguvu za mikono. Nguvu kazi ikawa kidato cha pili B, darasa lenye kelele kuliko yote. Mpango ulikuwa rahisi. Kila mwanafunzi achukue kitabu, akunje pembe nne, avunje mgongo, aweke chini, achukue kingine. Lengo lilikuwa vitabu arobaini kwa kipindi. Mtunza stoo alipendekeza tumwagie chai kidogo, na pendekezo lake likapelekwa kwenye kamati ndogo.

"Mwalimu," akasema Mama Maktaba, "vitabu vikisomwa si vinachakaa vyenyewe?"

"Mama, tuna wiki tatu tu. Kusoma kutatuchelewesha."

Akafikiri. "Basi kila mtoto ashike kimoja, akichakaze ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho. Mkaguzi akikuta jalada limechakaa na ndani kupya, hatashtuka?"

Ilikuwa hoja ya kitaalamu. Niliipitisha papo hapo, na kwa kuwa ilikuwa ya kitaalamu niliiandika kwa jina langu.

Siku ya tatu nikagundua kasi imeshuka vibaya. Na kelele hazikuwepo, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Nyuma kabisa alikaa msichana mmoja wanayemwita Kiherehere, kwa sababu hakuna swali asilouliza. Alikuwa ameinamia kitabu cha fizikia.

"Uko ukurasa wa ngapi?"

"Themanini na saba, Mwalimu."

"Na jana?"

"Themanini na saba."

"Ulikuwa umelala?"

"Hapana, Mwalimu. Hapa juu wanasema umeme unatoka huku kwenda kule. Hapa chini wanasema kinyume chake. Nimemwuliza mwalimu wa fizikia."

"Yeye amesemaje?"

Akanyoosha kidole. Mwalimu wa fizikia alikuwa amechuchumaa nyuma ya rafu, vitabu vitatu wazi magotini.

"Dakika mbili tu, Makamu," akasema bila kuinua macho.

Nakiri kwamba nilikasirika. Kazi ya serikali haiwezi kusimama kwa sababu ya umeme. Kabla ya kengele ya mchana nilikuwa nimebandika tangazo mlangoni: NI MARUFUKU KUSOMA MAKTABANI. ENDELEA NA KAZI.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kidato cha pili A walileta barua wakilalamika kwamba wanabaguliwa, nao pia wana haki ya kuchakaza. Walimu wakawa wanapitia mlango wa nyuma. Watoto wakaanza kutoka na vitabu ndani ya mashati na kuvirudisha asubuhi vikiwa na uchakavu ambao Kamati isingeufikia kwa mwezi mzima. Saini yangu haikuombwa na mtu. Nilimwuliza Mama Maktaba kama ameona wizi wowote, akasema macho yake siku hizi hayaoni mbali.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Afisa Mkaguzi alifika, mtu mwembamba asiye na mzaha, rula mfukoni. Akapima pembe, akapima migongo, akanusa kurasa. Mama Maktaba alisimama karibu na dirisha akifikicha vidole. Saa sita kasoro mkaguzi akaandika: asilimia tisini na nne. Mkuu wa Shule akanikumbatia. Mama Maktaba akageukia ukutani akafuta macho.

Nikatoa hotuba yangu mfukoni.

"Bado," akasema mkaguzi. "Waraka unasema chumba chochote. Ofisi yako ni ipi?"

Ofisi yangu ina kabati la vioo lenye vitabu sitini na viwili, nilivyovichagua kwa rangi. Rula ilizunguka humo bila kupata cha kupima. Mwishowe akatoa muhtasari wa somo la uraia, ambalo kwa mujibu wa ratiba nimelifundisha kidato cha pili kwa miaka sita. Ulikuwa bado ndani ya nailoni.

"Huu unafundishia?"

"Nautunza."

"Na vipindi vyako?"

"Vinasubiri vikao vipungue."

Akaandika sifuri. Akapiga mhuri. Kisha akawageukia watu waliojaa kwenye korido. "Nani hapa ana uhitaji wa chumba?"

Mama Maktaba akainua mkono polepole, kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote.

Hivyo nafurahi kuripoti kwamba ofisi yangu sasa ni Chumba cha Kusomea Namba Mbili. Kina hewa nzuri, nilikichagua mwenyewe. Mkaguzi aliagiza pia kwamba muhtasari wa uraia ufikie asilimia sitini kabla ya muhula kwisha, kwa mikono yangu, mbele ya kidato cha pili B.

Jana alasiri nilisimama kwenye mlango uliokuwa wangu, nikabisha hodi. Niliogopa, sina sababu ya kuficha. Kesho yake ningesimama mbele ya watoto arobaini na watatu, na wote wanasoma.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "una kitabu chochote kinachoeleza somo langu linahusu nini?"

Hakunicheka. Alinitolea vitatu, akachomeka vijikaratasi kwenye kurasa za kuanzia. "Anza na hiki chepesi. Kaa pale karibu na Kiherehere, pana nafasi."

Msichana akasogeza daftari lake. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Kesho unatufundisha nini?"

Nikachungulia penye kijikaratasi cha kwanza. "Wajibu wa kiongozi."

"Usijali, Mwalimu," akasema, akivuta kiti karibu. "Hiyo tulishaimaliza wenyewe. Fungua, nitakueleza."