Nyumba Yangu na Kiota cha Karanka

Jumatatu, 13 Novemba

Ukingo umemeguka tena. Safari hii banda la kuku limekwenda na bahari, kuku wakiwa ndani. Kati ya jiko letu na poromoko hakuna nafasi hata ya kugeuza toroli. Mke wangu Teolinda amesema nyumba ivuke ghuba Jumamosi hii, kwenye maji ya bamvua, yanapojaa kuliko siku zote, la sivyo yeye na binti yetu Nelda wanahamia kwa dada yake kule Achao. Hakupiga kelele. Alitoa tu sanduku chini ya kitanda akalifuta vumbi. Naliogopa sana sanduku hilo.

Basi nikazunguka kuomba msaragambo. Kwetu hakuna anayekataa kuvuta nyumba ya jirani. Unavaa shati safi, unabisha hodi, unaomba kwa unyenyekevu, unaahidi chakula. Wote wamekubali. Tutaifunga mapipa matupu, boti zitaivusha, na ng'ambo maksai wa Doña Armandina wataipandisha ufukweni. Lakini mama huyo ana sharti. Huko ng'ambo, kwenye mdomo wa kijito, wanaishi karanka wawili, bata bukini wa pwani wanaokula mwani mtupu. Mume mweupe pe, mke rangi ya mawe. Wakati huu wanalalia mayai. Maksai wake hawakanyagi kiota, amesema. Nimwonyeshe kilipo, nyumba ipite upande mwingine. Nisipomwonyesha, maksai hawatoki zizini.

Shemeji Belarmino, kaka yake Teolinda, akasema mbele ya watu kwamba mimi siwezi kuona kiota hata nikikikalia. Wakacheka! Nikajibu kwamba nitakiona, na Jumamosi mimi ndiye nitakayesimama dirishani kuamrisha. Kila nyumba inayovutwa anaamrisha yeye. Kwani alizaliwa dirishani?

Jioni Teolinda, akimenya viazi, akaniambia kiota kipo kwenye majani marefu nyuma ya lile boti bovu, anapita hapo kila maji yakipwa akiokota mwani. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nafikiri.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua. Nimeshinda ng'ambo nikichunguza. Karanka mume husimama juu ya jiwe jeusi, kushoto kwa kijito, mweupe hata kipofu angemwona. Mke haonekani kabisa. Hoja ni rahisi: mume husimama nyumbani kwake. Nikalisogelea jiwe, akapiga mluzi. Nikasogea zaidi, akapiga zaidi. Nikaenda upande wa kulia, kwenye boti bovu. Akanyamaza kimya, akatazama baharini kana kwamba hanijui. Kwa hiyo huko hakuna kitu!

Nikakaa kwenye majani nyuma ya boti kula milkao, maandazi yetu ya viazi. Kitu kikanguruma nyuma ya kiuno changu. Upepo, bila shaka.

Alhamisi, 16 Novemba

Nilihitaji ushahidi. Maji yakijaa, mwani hufunikwa, na karanka huja kijitoni kunywa maji baridi na kuoga. Nikafikiri: mume akimwona mweupe mwenzake, atamkaribisha nyumbani. Nikajifunika kitambaa cheupe cha meza cha Teolinda, nikapiga magoti majini.

Alikuja. Hakunikaribisha. Kwenye bawa ana fundo gumu kama kokwa, nami nimelijua kwa kichwa, mgongo na sehemu nyingine. Mke wake akatokea sijui wapi, akanywa harakaharaka, akapotea nikiwa nimeziba uso. Belarmino akapita na boti akauliza harusi ni lini na bibi harusi ni yupi kati yetu. Mjinga.

Lakini amenifukuza mpaka kwenye jiwe jeusi! Na nyuma ya jiwe nikaokota manyoya meupe. Nani anahitaji zaidi ya hayo?

Kitambaa kimechanika. Nilikwenda kukificha chini ya kitanda nikagusa sanduku. Si jepesi tena.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimempeleka Doña Armandina mpaka ng'ambo na kumwonyesha jiwe na manyoya. Akatikisa kichwa. Akauliza Teolinda anasemaje, maana yeye ndiye anayeshinda huku. Teolinda alikuwa nyumbani akimenya viazi vya watu wote. Nikasema tumekubaliana, mimi na mke wangu ni kauli moja. Akanitaka niape. Nikaapa kwa Mnazareti mwenyewe. Mate yalinikauka kidogo, ila ni upepo wa chumvi.

Imepangwa: nyumba itapandia kulia, kwenye boti bovu. Dirisha ni langu.

Jumamosi, 18 Novemba



Ilianza vizuri mno. Nyumba ilielea! Bomba la moshi limesimama wima, boti zinavuta, mimi dirishani na shati langu jeupe, naamrisha. Belarmino alikuwa anapiga makasia kama mtu wa kawaida. Raha iliyoje! Tukagusa kokoto, wakafunga minyororo, Doña Armandina akainua fimbo, maksai wakainama. Nyumba ikaanza kutoka majini, inalia kila ubao.

Hapo ndipo Teolinda aliposhuka kutoka boti ya chakula. Akatazama minyororo inakoelekea. Akaangusha sufuria ya kome, zote chini. Akakimbia, akapita mbele ya maksai, akakaa kwenye majani nyuma ya boti bovu, mgongo kwa pembe zao.

Nikaamrisha aondoke. Nikaamrisha tena. Maji yalikuwa yameanza kupwa, tukisimama tumekwama, na nyumba ile ni yake kuliko yangu, kila pazia kashona yeye. Hakugeuka. Maksai wa mbele walikaribia hadi pumzi yao ikapeperusha kitambaa chake cha kichwa. Nikapiga kelele, na sijui kama niliwaambia maksai wavute au wasimame.

Doña Armandina akawasimamisha. Ndipo kando ya sketi ya Teolinda jiwe moja likafumbua jicho. Karanka jike. Hakuwa ameinuka hata kidogo. Mumewe alikuwa juu ya jiwe jeusi anatazama baharini.

Kabla minyororo haijageuzwa, maji yalikuwa yamekwenda. Nyumba imekaa kwenye kokoto, imeinama upande. Itabaki hivyo mpaka bamvua lijalo, na upepo wa kaskazini ukivuma kabla ya hapo, kwaheri nyumba. Doña Armandina akaniuliza mbele ya mke wangu ile kauli moja ilikuwa ya nani. Nikasema palitokea kutoelewana. Belarmino hakucheka hata, na hilo liliniuma zaidi. Teolinda akasema polepole, "Nilikwambia Jumatatu, Rosamel. Nilikwambia na viazi mkononi." Kisha akachukua sanduku na Nelda, akaenda kwa Doña Armandina.

Niliona aibu. Ilipungua baada ya kula.

Jumanne, 21 Novemba

Naishi peke yangu kwenye mteremko. Nimelala kitandani, nimeamka jikoni. Sahani zinanifuata.

Leo ukingo wa zamani umeanguka wote. Pale lilipokuwa jiko letu sasa ni bahari. Teolinda alisimama akatazama, mikono mdomoni. Nikamwambia, unaona mke wangu, nimetuokoa! Akasema boti ya Achao inapita Jumapili ya tarehe tatu, na kwamba hatalala ndani ya nyumba iliyo majini. Kisha akaenda kumtazama karanka.

Jumatano, 29 Novemba

Kaskazini imevuma. Mawimbi yamepita chini ya sakafu tangu asubuhi, nyumba inainuka na kutua, inainuka na kutua. Nilishika ukuta kwa mikono miwili nikamwomba Mnazareti asahau mambo ya Ijumaa ile. Teolinda alikuwa nje kwenye mvua pamoja na Belarmino na nusu ya kijiji, wakifunga kamba kwenye miti, akiwaelekeza fundo gani liende wapi. Mimi niliamrisha kutoka dirishani. Upepo ulikuwa mkali, sidhani walisikia, lakini nyumba ipo.

Alhamisi, 30 Novemba

Wameanguliwa! Vifaranga watano wa kijivu. Mama yao, amekonda mifupa mitupu, akawapitisha chini ya nyumba yangu mpaka baharini. Ndipo mume akashuka kutoka jiwe lake, akatangulia mbele ya msafara, kifua mbele, kana kwamba yeye ndiye aliyelalia. Nilimwelewa kabisa.

Jumamosi, 2 Desemba

Bamvua. Belarmino alisimama dirishani, sawa, nimemwachia, huruma yangu. Mimi nilipanda jiwe jeusi na shati langu jeupe, mahali wote wanaweza kuniona, nikaamrisha kutoka pale mpaka sauti ikakauka. Nyumba ikapanda ufuo wote, ikapita kiota kitupu, ikakaa wima. Doña Armandina akaniambia mimi na yule mweupe ni ukoo mmoja. Mama huyu huwa hasifii mtu ovyo. Nilimshukuru.

Teolinda alizunguka nyumba, akajaribu mlango, akagonga ukuta. Kisha akaenda kwa Doña Armandina na kurudi na sanduku. Aliliweka chini ya kitanda akawasha jiko. Nililia kidogo nyuma ya nyumba. Uongozi mzuri una matunda yake.

Jioni, akikoroga sufuria, akaniambia jambo kuhusu kijito, kwamba kikijaa wakati wa baridi hupanda mpaka wapi, na kuni zisikae wapi. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nafikiri mahali pa kuziweka kuni.

Nimepapata. Ni pale chini kabisa, kando ya maji, patulivu mno. Nimeshazipanga zote.