Majilio ya Kasmiri na Jina Alilolibadilisha

Jumapili, 1 Desemba 1996

Dominika ya kwanza ya Majilio. Baada ya misa, katekista Jilala alipitisha kofia yenye vikaratasi. Kila mmoja achukue kimoja, alisema, asome jina, akunje, anyamaze. Huyo ndiye utakayemtendea mema kwa siri mpaka Noeli. Asubuhi ya Noeli kila mtu atasema alimtunza nani.

Nikachukua. Nikasoma. Salu.

Mayu Salu ni mjane, anaishi peke yake nyuma ya machinjio. Mguu wake wa kushoto haukunjiki, anatembea na fimbo. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ni mama mzuri. Lakini sina budi kuuliza, humu kwenye daftari langu mwenyewe: mayu Salu atanisaidia nini?

Miaka kumi na mmoja nimekuwa karani wa mizani ya pamba katika chama cha ushirika. Kisha wakaja wanunuzi binafsi, mizani yetu ikaota kutu, nami nikapunguzwa. Sasa kuna kampuni inakuja kununua pamba msimu ujao, na wakala wao hapa Somanda ni Marcelo mwenye duka. Marcelo atahitaji karani wa mizani. Kikaratasi chenye jina la Marcelo kimo mfukoni mwa mtu fulani.

Nimetafakari sana leo. Ndiyo maana ya Majilio.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimempata. Yakobo fundi baiskeli ndiye aliyempata Marcelo, na alikuwa na huzuni. Aliniuliza amfanyie wema gani mtu mwenye friji mbili. Nikamwambia nitamwondolea mzigo huo, yeye amchukue mayu Salu, ambaye hana friji hata moja. Akakubali, ila akaomba na pampu yangu ya baiskeli juu yake. Nilitoa. Majilio ni kujinyima.

Jioni Domitila, mke wangu, amekwenda Nkololo kumuuguza mama yake. Ameniachia maagizo mawili: kuku wapate maji, na zile ekari mbili za pamba kule njia ya Kasoli zipaliliwe kabla magugu hayajaimeza miche. Alisema ikimezwa nisimfuate Nkololo kumwambia.

Nitaanza kesho.

Alhamisi, 5 Desemba

Sikuanza. Nilikuwa na jukumu la kiroho. Alfajiri nilifagia uwanja wote wa mbele ya duka la Marcelo, nikaandika kwa chaki mlangoni: Kutoka kwa rafiki yako wa siri, K.

Ile K niliiweka kwa makusudi. Mtu atende kwa siri, lakini asipotee kabisa.

Marcelo alisoma, akafikiri, akaamua K ni Katekista. Saa nne nimemwona akimpelekea Jilala katoni nzima ya biskuti. Jilala alishangaa, akapokea.

Jumapili, 8 Desemba

Somo la leo: itengenezeni njia ya Bwana, kila bonde lijazwe. Nilisikiliza kwa makini kuliko kawaida, kwa sababu mbele ya duka la Marcelo pana mabonde matatu na lori la sukari hukwama hapo kila mara.

Mchana kutwa nilisomba udongo kwa toroli. Nikajaza mabonde yote. Kazi nzuri.

Saa kumi ikanyesha mvua. Sikujua kwamba yale mabonde ndiyo yaliyokuwa yakipokea maji. Maji yalipokosa mabonde yaliingia dukani, pamoja na udongo wangu. Chumvi imelowa, magunia mawili ya sukari pia. Marcelo alisimama barabarani akiuliza kwa sauti ni punda gani aliyefanya hivi.

Nikaitunza siri, kama katekista alivyoagiza.

Jumatano, 11 Desemba

Leo nimekwenda shambani. Nilikwenda nikijua nitakachokuta, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia Domitila kuhusu wingi wa mvua mwaka huu.

Nusu ya shamba imepaliliwa.

Nilidhani nimepotea. Nikarudi barabarani, nikahesabu mashamba upya. Ni langu. Mistari safi, udongo umerundikwa vizuri kwenye shina la kila mche, magugu yamelazwa pembeni yakauke. Hata mimi nisingefanya hivyo, na mimi sijafanya.

Nilichunguza kama mpelelezi. Kulikuwa na nyayo, na pembeni ya nyayo vitundu vya duara. Fimbo. Nani anatembea na fimbo? Marcelo. Tangu apate uwakala anatembea na fimbo ya mpingo, hata kwenda chooni. Basi Marcelo ndiye aliyepata jina langu, akaweka vibarua, akaja mwenyewe kukagua.

Nyayo zilikuwa za miguu mitupu. Labda alivua viatu kwa kuogopa tope.

Nimefurahi sana. Mimi namtunza yeye, yeye ananitunza mimi. Kazi ya mizani ni kama nimeshaipata. Jembe nimerudi nalo likiwa kavu. Kumwingilia mtu katika wema wake si heshima.

Jumapili, 15 Desemba

Dominika ya tatu. Wakati wa matangazo niliomba kusema neno. Nikasema kuna mtu ananipalilia pamba, na ingawa ni siri, moyo wangu umeshindwa kunyamaza. Nikamtaja Marcelo.

Watu wakapiga makofi. Marcelo alionekana kushtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina la ndugu yake. Halafu akasimama, akatabasamu, akainamisha kichwa. Unyenyekevu wa hali ya juu.

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa mayu Salu, kwenye benchi la nyuma.

Jilala aliniita nje, akanikumbusha maana ya neno siri. Nimeona ana wivu. Biskuti zimemharibu.

Jumatano, 18 Desemba

Mvua siku ya tatu. Asubuhi ilipokatika kidogo nilikutana na mayu Salu kwenye pampu ya maji. Alinisalimu kwa furaha.

"Mwangaluka, baba Kasmiri. Pamba yako inaendeleaje?"

Nikamwambia inaendelea vizuri, namshukuru Mungu na Marcelo. Akacheka. Nguo zake zilikuwa zimelowa mpaka juu, na ndoo hakuwa ameijaza bado. Nikamuuliza kulikoni.

"Nyumba inavuja kidogo," alisema. "Pale penye kitanda tu."

Nikauliza kama hakuna mtu aliyekuja kumsaidia Majilio haya. Akasema hapana, lakini siku bado zipo, na anayehusika huenda ana shughuli.

Nikapita kwa Yakobo. Kumefungwa. Jirani yake anasema alikwenda Magu kwenye msiba tangu tarehe sita na hajarudi. Pampu yangu kaenda nayo.

Nilisimama pale mlangoni kwa Yakobo muda mrefu. Nilisikia kitu kifuani. Itakuwa maharage ya jana.

Mchana nilikuwa nimeahidi kumsaidia Marcelo kusimamisha mti wa Krismasi, wa plastiki, ameuleta kutoka Mwanza pamoja na taa za rangi. Niliambiwa nishike waya wakati anawasha jenereta. Taa ziliwaka vizuri. Mimi nilikaa chini kwenye magunia kama nusu saa nikisubiri mkono urudi.

Jumapili, 22 Desemba

Shamba limekwisha. Ekari zote mbili. Nimezunguka kona zote nne.

Nimempelekea Marcelo jogoo kwa siri, yaani nilimkabidhi mkononi lakini sikusema sababu. Alimpokea, akasema amesikia habari zangu nzuri. Ni jogoo mwekundu wa Domitila. Nitamweleza.

Watu wanajaa kuutazama ule mti. Pango la Noeli kanisani halina mtu. Nimemshauri Jilala naye anunue taa.

Jumanne, 24 Desemba

Domitila amerudi. Mama yake ana nafuu. Alishuka kwenye gari njia ya Kasoli ili aone pamba kwanza, na kuona kama atahitaji mume mwingine.

Nilimpokea nikamwambia Marcelo ametupalilia shamba lote. Aliketi, akavua viatu, akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Nimemkuta mayu Salu mle shambani," alisema.

Nikauliza anafanya nini.

"Anang'oa majani yaliyoota upya. Amekaa chini, mguu kaunyoosha, anajisogeza kwa makalio mstari kwa mstari. Fimbo iko pembeni. Amenisihi nisikuambie mpaka kesho. Ndiye aliyepata jina lako."

Nikasema haiwezekani, kuna vitundu vya fimbo. Nikajisikia nikisema hivyo.

Domitila akaniuliza mimi nilipata jina la nani. Nilimweleza yote, mpaka pampu. Kisha akauliza jogoo yuko wapi. Nikamweleza na hilo.

Hajagomba. Ningependa angegomba.

Jumatano, 25 Desemba. Noeli

Misa ya asubuhi. Baada ya komunyo Jilala alituita kutaja majina. Marcelo alisema kikaratasi chake kilifuliwa pamoja na suruali, kwa hiyo hakujua ni nani. Watu waligeuka kunitazama, kisha wakamtazama yeye. Alianza kuchunguza kifundo cha fimbo yake.

Mayu Salu akasimama, akashika benchi. "Mimi nilipewa Kasmiri," alisema. Akakaa.

Zamu yangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu Marcelo, ilikuwa na sehemu tatu. Domitila alikuwa upande wa kina mama akitazama mbele, hakunigeukia hata kidogo. Nikasema, "Mimi nilipata mayu Salu. Nikambadilisha na mtu mwingine." Nikakaa. Jilala akaanzisha wimbo.

Mchana mimi na Domitila tulikwenda kwa mayu Salu na sufuria ya wali, mafungu ya nyasi na kamba. Nyumba yake ni chumba kimoja. Kitanda kilicholowa kilikuwa kimesogezwa mlangoni kikauke, na alikuwa akilala amekaa kwenye kigoda, kichwa ukutani. Wiki tatu. Mimi wiki tatu hizo nilikuwa nafagia mbele ya duka.

Nilimuuliza kwa nini aliendelea kupalilia baada ya mimi kumshukuru Marcelo mbele ya watu wote, naye yupo anasikia.

"Nilisikia unashukuru," alisema. "Nikajua kazi imekufikia. Nilitaka nini tena?"

Nikamwambia lakini mguu wake.

Akasema, "Baba, tangu mzee afariki, watu wananipa vitu. Ugali, chumvi, nguo. Nawashukuru. Lakini hakuna anayeniomba kitu. Jilala alipofika kwangu na ile kofia, nilisema, kumbe na mimi nimo. Nilikwenda shambani kwako nikiwa na furaha kama msichana."

Nikapanda juu ya paa.

Paa la nyasi lililolowa halitaki haraka. Mguu wangu ulipita mpaka gotini, na tundu moja likawa mawili. Mayu Salu alikuwa ndani, akauona mguu unaning'inia pale kilipokuwa kitanda. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Domitila akapanda kunitoa, akaniambia nimpe nyasi tu, yeye afunge. Tulimaliza kabla jua halijazama. Ikanyesha kidogo tukiwa bado pale. Tulikaa wote watatu chini ya paa, tunakula wali, tunatazama juu. Hakikudondoka kitu.

Sijui lini nilikula Noeli tamu hivyo. Naandika hili ili nisisahau.

Jumamosi, 28 Desemba

Marcelo amemchukua mtu mwingine kuwa karani wa mizani. Amesema mtu asiyejua nani analima shamba lake mwenyewe hawezi kuaminiwa na mizani ya watu. Jogoo hajamrudisha.

Sina kinyongo. Nimekwisha kuelewa maana ya kweli ya Noeli: wema wa siri, usiotafuta sifa. Nimeelewa kabisa. Kilichonisumbua siku tatu hizi ni kwamba watu wengi hapa Somanda hawajui kwamba nimeelewa.

Kwa hiyo nimeunda Kamati ya Wema wa Siri. Mwenyekiti ni mimi. Katibu atapatikana. Uzinduzi utakuwa siku ya Mwaka Mpya, kwa kipaza sauti, na nimemwalika mpiga picha. Mayu Salu nimemwomba awe mgeni rasmi, akae mbele, anyanyue fimbo watu waione. Amekataa. Amesema siku hiyo ana palizi mahali fulani, na hataki kusema kwa nani. Nitazungumza naye tena. Kamati haiwezi kufanya kazi kama wanachama wanaficha mambo.

Domitila amesoma katiba ya kamati, akatoka nje kuwapa kuku maji.

Leo jioni nimechukua kibao cha kamati kwa fundi rangi. Kimependeza, herufi nyekundu, mtu ataweza kukisoma akiwa stendi. Majina yangu yote matatu yameingia, pamoja na cheo. Ila nafasi ilikuwa ndogo, na fundi akaniuliza tupunguze neno gani. Tumetoa "siri".