Mkono Ulijiinua Wenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Balaa kiwandani. Leo wafanyakazi tumechagua msimamizi wa zamu, pale pale kati ya matanuri ya mikate, kwa kunyoosha mikono. Shemeji, kaka wa mke wangu, nilimwahidi kura mbele ya mama yao. Lakini Kidevu, mpinzani wake, alishaninong'oneza kwamba akishinda sitakanda tena unga alfajiri. Likaitwa jina la Kidevu. Nikatazama juu: mkono! Wangu! Shemeji kashindwa kwa kura moja. Kanitazama tu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 4 Juni
Nyumbani sikupakuliwa. Mke wangu kasema kaka yake hajatia kitu mdomoni tangu jana, basi tufunge wote. Nikasikia chuoni wanatafuta watu wa majaribio, chakula cha mchana bure. Mbio! Mtafiti, dada mpole, akanibandika nyaya kichwani, akaniweka mbele ya saa. Nikunje kidole nikijisikia tu, kisha nimwambie mshale ulikuwa wapi nilipoamua. Kumbe ubongo wangu huanza kujiandaa kabla mimi mwenyewe sijajua kwamba nimeamua! Nikala sahani mbili. Nimeokoka.

Jumatano, 5 Juni
Kidevu katoa ratiba. Mimi: unga, alfajiri. Nilipomkumbusha, kasema atalifikiria. Haidhuru. Jioni nikawaita mke wangu na shemeji sebuleni. Nikaeleza taratibu, kiprofesa: ubongo ulianza, mkono ukafuata, mimi nikaarifiwa mwisho. Nami nimeonewa! Shemeji akajikuna kichwa. Alishaanza kunihurumia, naapa. Mke wangu akasema basi twende wote tukamsikie huyo mtafiti. Nikakubali kwa furaha. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Mtafiti akatukaribisha viti. Akasema wataalamu bado wanabishana kuhusu wimbi la ubongo ambalo nyaya zilinasa kabla sijajua nimeamua. Huenda ni maandalizi tu, si uamuzi. Tena kukunja kidole ovyo si sawa na kupiga kura. Na mtu akishahisi hamu ya kusogea, bado ana nafasi ya kujizuia, japo fupi kama kufumba na kufumbua.

Mke wangu akanigeukia polepole.

"Na mkono wako, mume wangu, ulikaa juu muda gani?"

"Mpaka tulipomaliza kuhesabiwa."

"Mlihesabiwa mara moja?"

"Mara mbili."

Shemeji akaangua kicheko, akacheka mpaka akashika ukuta. Mtafiti naye akajifanya anapanga nyaya.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kanisamehe, moyo wake mweupe. Sharti lake moja: kesho asubuhi nikampakie mama mkwe rangi jikoni, kuta zote na dari. Nikaahidi, mkono kifuani. Mke wangu kanipakulia, na nyama kaongeza.

Jioni nikapita chuoni kumshukuru mtafiti. Mlangoni kuna tangazo jipya: wanahitaji watu kwa utafiti kuhusu kusahau. Wanaanza kesho asubuhi. Nimejiandikisha wa kwanza.

Rangi? Rangi gani?