Binamu kutoka Waukegan

Siku klabu ya besiboli ya Nyigu wa Racine ilipotangaza kwamba tiketi za mechi za mwisho wa msimu zitauzwa kwa wakazi wa mji peke yao, watu wema walishangilia. Delmar Raasch naye alishangilia, ila kwa sababu zake. Alikuwa baa, mbele ya sahani yake ya samaki wa Ijumaa, na tangazo lile alilipokea kama mtu aliyeambiwa kuna urithi unamsubiri benki.

Klabu ilikuwa na machungu yake. Miaka mitatu mfululizo mashabiki wa Korongo wa Waukegan walivuka mpaka wa jimbo kwa mabasi, wakanunua viti vyote vizuri na kumzomea mrushaji wa Nyigu nyumbani kwake, mpaka kijana wa watu akawa anarusha mpira majukwaani. Sasa uongozi ukaamka: asiye na anwani ya Racine haoni ndani. Na mwenye kiti cha msimu atakayekamatwa akimpenyeza mgeni ananyang'anywa kiti maisha. Ilikuwa mbinu safi, ya watu ambao hawajawahi kukaa meza moja na Delmar.

Delmar mwenyewe alikuwa na kiti cha msimu, nyuma ya kituo cha kwanza uwanjani, alichoachiwa na baba yake. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukiuza, kukikodisha wala kukiweka rehani, na wanaomfahamu wanajua hiyo si sifa ndogo. Alikipenda. Watu wote aliowapenda maishani aliwakumbuka wakiwa wamekaa pale.

Kesho yake alikuwa Waukegan, kwenye kliniki ya Dokta Irv Baumgart, daktari wa meno na mwenyekiti wa mashabiki wa Korongo.

"Dokta, nyinyi mna hela, hamna anwani," alisema Delmar, kajinyoosha kwenye kiti cha wagonjwa kana kwamba yuko sebuleni kwake. "Sisi anwani tunazo. Mungu hakufanya hivyo bure."

"Wewe si shabiki wa Nyigu?"

"Wa kufa na kuzikana."

"Na huoni aibu?"

"Naiona sana, dokta. Ndiyo maana bei iko juu."

Biashara ikafanyika. Kufikia katikati ya wiki, nyumba ya shangazi yake Delmar, yenye vyumba viwili na paka mmoja, ilikuwa na wakazi wapya thelathini na wanne, wote watu wazima, wote na mapenzi ya ghafla kwa mji wa Racine. Shangazi hakumwona hata mmoja, jambo ambalo kwa wapangaji ni sifa.

Ila dokta hakutaka kuchanganywa na kundi. Alitaka kukaa karibu na kituo cha kwanza, na viti vya huko huuzwa kwa ndugu wa wenye viti tu. Basi Delmar akaenda ofisi ya tiketi, akanyoosha mkono mbele ya Bi Inge Thorsgaard, mkuu wa mauzo, akaapa kwamba Irv ni binamu yake upande wa mama, na kwamba amehamia kwake na masanduku yake. Bi Inge aliguswa. Yeye alikuwa mmoja wa wale watu wanaoamini kwamba mwenyeji hawezi kusema uongo, na kwamba uongo huanzia upande wa pili wa mpaka.

Jumapili dokta alikuja nyumbani kwa Delmar kuchukua tiketi za wenzake. Hata koti hajavua, mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Inge, amebeba kringle, andazi kubwa la duara la njugu za pekani, kwa mikono miwili, maana Racine ndugu akihamia kwako, watu huja na kringle kumkaribisha.

"Nimekuja kumwona binamu," alisema.

Delmar akageuka kumwonyesha dokta mlango wa nyuma. Lakini dokta alimkumbatia mgeni kama aliyemsubiri mwaka mzima. Alisimulia utoto wao, alimlilia mama mdogo ambaye hakuwahi kuwepo, na alipofikia mazishi Bi Inge akatoa kitambaa. Delmar naye, aibu iliyoje, alijikuta machozi yanamlenga. Akajisemea moyoni, huyu bwana anang'oa meno ya nini?

Mwishowe Bi Inge akasema, "Haya, mimi niende," maana yake atasimama mlangoni nusu saa, kisha barazani kidogo, kisha kwenye gari. Dokta akamsindikiza. Delmar hakuwafuata. Mtu wa Racine anaweza kumtapeli mgeni mpaka soksi, lakini kumwachia aondoke mikono mitupu hawezi. Akaingia jikoni kufunga kringle iliyobaki, akaongeza jibini, akatafuta na kachumbari ya matango.

Aliporudi, Bi Inge hakuwa yule wa mwanzo.

"Bwana Raasch," alisema. Siku zote alimwita Del. "Binamu yako ameniambia habari za nyumba ya shangazi yako. Wageni wote hao."

Dokta aliinamisha kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimehamia Racine kwa moyo mmoja. Siwezi kuanza na siri."

Delmar akafungua kinywa amkane. Kisha akakifunga. Asipokuwa binamu, basi ni mgeni, na aliyemwapia ni yeye mwenyewe, mbele ya mama huyuhuyu.

"Tiketi zao nazifuta," alisema Bi Inge. "Na kiti chako tunakichukua."

"Bi Inge, nakuomba. Kile ni cha baba."

"Najua, ndiyo maana hakitoki kwenye familia. Mwenyewe akiondolewa, kanuni inampa ndugu anayeishi naye."

Akampa dokta mkono wa hongera, akapokea furushi lake, akaenda.

"Na wenzako?" aliuliza Delmar. "Wamelipa wale."

"Watakuja kukudai," alisema dokta. "Anwani wanayo. Si uliwauzia?"

Siku ya mechi Delmar alisimama nje, kwenye wavu wa upande wa kituo cha kwanza. Uwanja ulikuwa umejaa wenyeji watupu, kama klabu ilivyokusudia. Mrushaji wa Nyigu alipopanda kwenye kichuguu cha kurushia mpira, watu walisimama kumshangilia, na katikati ya shangwe likatoka zomeo moja, nene, la mtu aliyekaa vizuri. Lilitoka kwenye kiti cha baba.

Mlinzi akaanza kushuka ngazi amtoe. Bi Inge akamshika mkono.

"Mwache," alisema. "Huyo ni wa ukoo wa Raasch."